Firimbi ya Salongo

Kwenye institut yetu ya Masisi, shule ya sekondari, wanafunzi waliomaliza na distinction, yaani alama za juu, walikuwa na desturi yao: kabla ya kupokea diploma, walikwenda kijijini kufanya kazi ya bure. Hakuna aliyelazimishwa, lakini hakuna aliyetaka kuonekana amebaki nyuma. Wanafunzi wangu wa leo wakiniuliza kama waende, nawaambia waende, tena kwa moyo wote. Halafu nawasimulia haya.

Kundi letu lilipelekwa upande wa Walikale, katika kijiji kilicho mbele kidogo ya Kashebere, kutengeneza daraja la magogo lililovunjwa na mto. Tulilala kwa Mama mmoja mjane. Aliishi na mwanawe wa pekee na mke wa huyo mwana, ambaye alikuwa na mimba na amekaribia kuzaa. Jioni ya kwanza, tukila fufu na sombe ya majani ya muhogo, Mama alitueleza kwa sauti ya chini kwamba watu wa silaha waliwahi kumchukua mwanawe awabebee mizigo porini. Alirudi amekonda, miguu imepasuka. Sasa Mama alikuwa akimwomba Mungu kitu kimoja tu: mtoto azaliwe baba yake akiwa nyumbani.

Mwana mwenyewe alicheka, akatutazama mikono.

"Basomi, kesho tutaona kama distinction inaweza kubeba gogo."

Kwa asiyejua, salongo ni kazi ya pamoja ya Jumamosi: kila nyumba inatoa mtu, barabara inafyekwa, mtaro unachimbwa. Mjini kwetu watu huitwa kwa firimbi, na mwenzetu aliyekuwa wa kwanza darasani alikuja na ya kwake. Asubuhi alisimama katikati ya kijiji, akaipuliza kwa nguvu.

Hakuna aliyekuja. Moshi uliendelea kutoka jikoni, kuku waliendelea kuchakura, lakini sauti zote za wanaume zilikatika. Tulidhani bado wamelala, tukataniana. Alipotoka Mama, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani anapiga firimbi?"

"Njo sisi, Mama. Ni ya salongo."

"Huku firimbi iko ya wale. Wakipiga, wanaume wanabebeshwa."

Hakutugombeza. Alitueleza tu kwamba wanaume wote, na mwanawe pia, walikuwa wameshaingia msituni, na hawangerudi kabla ya jioni. Tukakaa kando ya daraja na mapanga yetu, tukiwa hatuna wa kutuonyesha tuanzie wapi.

Mchana, mkwe wa Mama alishikwa na uchungu. Pikipiki haikuweza kuvuka mto bila daraja, kwa hiyo njia ilikuwa moja: kipoyi, yaani miti miwili iliyofungwa blanketi katikati, mgonjwa akibebwa mabegani hadi kituo cha afya. Kwa kawaida wanaume wa kijiji hupokezana. Siku hiyo tulikuwepo sisi tu. Tulivuka mto kwa miguu, maji yakitufika kiunoni, Mama akitufuata nyuma.

Kipoyi kina sheria yake: ukikutana nacho njiani hupiti hivi hivi, unapokea mti na kusaidia kidogo, hata kama mgonjwa humjui. Lakini njia ilikuwa tupu. Mashambani tuliona majembe yameachwa yamelala kwenye udongo, wenyewe hawapo. Firimbi yetu ilikuwa imesikika mbali.

Kwenye kona tulimkuta mtu ameketi juu ya jiwe, bunduki mapajani. Akainuka, akamtazama mwanamke aliyelala kwenye kipoyi, akaning'iniza bunduki mgongoni, kisha akaupokea mti kutoka begani mwangu. Alibeba vizuri, kwa hatua za mtu aliyezoea.

"Munabeba kama munabeba kalamu," alisema, na sisi, kwa uchovu na woga, tukacheka.

Halafu akauliza taratibu, "Na bwana yake iko wapi?"

Mama alikohoa. Mwenzetu wa kwanza darasani hakuelewa. Alijibu kama tulivyozoezwa kujibu mtihani, jibu kamili: kwamba bwana yake yuko msituni nyuma ya kijiji pamoja na wanaume wengine, na kwamba watarudi jioni.

"Njo vizuri," mtu yule alisema. "Tutapita kumupa pongezi."

Karibu na kituo aliurudisha mti begani mwangu, akakata kwenye njia ndogo ya kupanda kilimani.

Muuguzi alimpokea mgonjwa. Mama hakungoja. Alivua kandambili, akazishika mkononi, akaanza kukimbia kurudi tulikotoka, nasi tukamfuata. Tulikuwa bado uani tuliposikia kilio cha mtoto mchanga ndani. Niliona mabega ya Mama yakishtuka, lakini hakugeuka.

Tulifika kijijini kabla ya yule mtu. Mama aliingia msituni peke yake, akarudi peke yake. Alituambia kwamba mwanawe na wanaume wengine wamekwisha kuelekea mbali zaidi, na kwamba hakuweza hata kumwambia mwanawe kama amepata mvulana au msichana, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua.

Jua lilipokuwa linashuka, yule mtu alifika na wenzake wawili. Walisalimia kwa heshima, wakaomba maji ya kunywa.

"Mama, tumekuja kwa pongezi," alisema. "Tutangoja baba ya mutoto."

Mama aliwaletea viti.