Shamba Lililokatazwa Samadi

Baba alipopunguzwa kazini, wakati viwanda vya serikali vilipokuwa vikiuzwa kimoja kimoja, bibi mmoja wa mtaa wa Pasiansi alimpa mama kipande cha shamba karibu na ziwa, bure kabisa. Hakudai kodi wala fungu la mavuno. Watu walimsifu mpaka kanisani. Mimi pia nilimpenda, kwa ujinga wangu wa darasa la tatu.

Kipande chenyewe kilikuwa mchanga mweupe. Mama alianza na mbolea ya chumvichumvi iliyokuwa ikipimwa kwa kopo madukani. Kabichi zilichangamka kidogo, kisha kila tulipomwagilia, mbolea ilizama chini na maji, majani yakageuka njano. Bibi akaja, akasimama pembeni mwa tuta.

"Mwanangu, udongo huu hauna kitu cha kuishika hiyo mbolea. Utie samadi kwanza."

Tulitia. Tulibeba samadi kichwani kutoka kwenye mazizi ya watu mpaka maji yake yakatuchuruzika shingoni. Tulivuta magugu maji ziwani, tukayaozesha shimoni pamoja na majivu na matumbo ya samaki. Baada ya misimu michache udongo ukawa mweusi, ukiuminya kiganjani unashikana, na kabichi zikawa kubwa hata mimi nikibeba moja natembea kama mjamzito. Mama alikuwa akiimba shambani.

Ndipo bibi akarudi. Akauchokoa udongo kwa kidole gumba cha mguu, akatabasamu.

"Udongo umepona. Sasa nirudishieni, nataka kupanda vitunguu. Ninyi chukueni kipande kile kule."

Kule kulikuwa mchanga mweupe. Jirani mmoja alitueleza, huku akicheka, kwamba ndivyo alivyowafanya wote waliotutangulia. Bibi hakuwa na ng'ombe wala mgongo wa kubeba samadi. Alikuwa na wageni kama sisi. Waliojua walinyamaza, wakatuangalia tukibeba, na nadhani walifurahia.

Mama hakugombana. Angegombana, tungekula nini? Alikichukua kile kule, ila hakutia hata konzi moja ya samadi. Alipanda mchicha tu, maana haukawii shambani, akaulisha chumvichumvi kidogo kidogo, kiasi cha kuufikisha sokoni. Ulikuwa mchicha wa aibu. Ulinyauka kabla jua halijapanda, na wateja walimsema mbele yangu. Lakini kila bibi alipopita na kuchokoa kwa kidole chake, aliona mchanga, akaenda zake. Tuliishi hivyo kwa ugonjwa wa udongo, na mama hakuimba tena.

Hakuna aliyenieleza kwa nini mama hatii samadi. Mimi nilitaka kabichi zetu. Jumamosi moja, mama akiwa sokoni, nikajitwisha karai la samadi, nikaifukia yote kwenye tuta la kwanza, nikakaa kumsubiri aje anisifu.

Alinichapa kwa fimbo ya mpera mpaka ikakatika.

"Unataka tufukuzwe? Eh? Unataka tufukuzwe?"

Kisha akanipigisha magoti, nikaitoa samadi ile kwa vidole, bonge kwa bonge, huku nalia. Yeye alileta mchanga wa ufukweni kwa ndoo, akafukia.

Kesho yake, watu wakitoka kanisani, bibi alikuja moja kwa moja kwenye tuta lile. Sijui nani alimpelekea maneno.

"Shikamoo, bibi," nikasema. Mikono niliificha nyuma, kwa kuwa kucha zangu zilikuwa bado nyeusi.

"Marahaba, mjukuu wangu." Akachokoa. Akachokoa tena, kwa kina zaidi. Mama alikuwa ameshika jembe.

"Huu nao bado mgonjwa," bibi akasema.

"Bado kabisa, mama," mama yangu akamjibu.

Akaondoka zake. Nilimchukia bibi yule, na mama nilimchukia zaidi, maana yeye ndiye aliyenichapa. Lakini mchanga ule mweupe niliufurahia kama vile tumevuna. Mama akanishika mkono, akanipeleka ziwani, akanisugua kucha moja moja mpaka zikatoka damu.