Maneno ya Shangazi Niliyoyafuta kwa Mkono Wangu

Naandika haya nimejifunika shuka hadi kichwani, na chumbani niko peke yangu, sasa sijui namwonea nani aibu. Lakini ndivyo nilivyo tangu siku ile ya hina ya Rehema, hata nikipita sebuleni kwetu nikakutana na ile spika kubwa pembeni ya televisheni nageuza uso kama mtu aliyekutana na mdai wake. Mtanicheka, na mcheke tu, wenzenu walishacheka kabla yenu, ila mkifika mwisho nadhani mtaacha.

Shangazi Mwanaidi ni dada yake baba, na Rehema ni mwanawe wa pekee. Shangazi alikuja Dubai zamani, akamlelea watoto madam mmoja wa Jumeirah Lake Towers mpaka wale watoto wakawa wanasema Kiswahili cha Tanga vizuri kuliko mimi, maana shangazi alikuwa na mdomo. Alikuwa akiingia kwetu Silicon Oasis anaanzia kusema kwenye lifti, mama anamsikia anaenda kuweka chai. Basi mwaka ule Rehema alipochumbiwa, sauti ya shangazi ikaanza kukwaruza, tukadhani ni mafua ya viyoyozi, kumbe ni uvimbe kooni, na daktari akasema lazima apasuliwe, kile chombo cha kutolea sauti kiondolewe chote, awe anapumulia tundu shingoni. Baadaye huenda akafundishwa kusema kwa kifaa, lakini sauti yake yenyewe, khalas, imekwisha. Tarehe ya upasuaji ikaangukia mwezi mmoja kabla ya harusi, na harusi haikuweza kusogezwa kwa sababu bwana harusi likizo yake ilishapitishwa.

Kwetu siku ya hina, jioni, mama mzazi anakaa na bi harusi mbele ya wanawake watu wazima, mlango unafungwa, anamuusia mwanawe. Sisi wasichana hatuingii. Shangazi akamwambia baba, "Kaka, mimi siku hiyo nitakuwa bubu. Nitafutie kitu niseme humo, mwanangu anisikie." Simu za nyumbani kwetu zilikuwa za kupokelea na kupigia tu, basi baba akanipa pesa nikanunue kinasa sauti, kile kidogo cha mfukoni. Kwa nini mimi? Kwa sababu nasoma darasa la kumi, na nyumbani anayesoma darasa la kumi anahesabiwa fundi wa kompyuta.

Dukani ndipo nilipoanza kuharibu. Muuzaji, kijana wa Kihindi, alinitolea viwili. Kimoja cheusi, kifupi, ukisukuma kitufe ubavuni kinachomoza kijiulimi cha kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Cha pili cha rangi ya fedha, kioo kipana, kinarekodi saa nyingi, kizuri kama pambo. Akaniuliza kitu kuhusu kompyuta, akakirudia, sikumwelewa vizuri, na nyuma yangu wanaume watatu wamesimama wanasubiri zamu, mmoja anagongagonga kaunta anasema "Yalla, yalla". Mimi nikisubiriwa na watu akili inayeyuka (mama anasema ningezaliwa kobe ningekuwa na raha sana). Nilitaka kuuliza, hiki cha fedha kinaingiaje kwenye kompyuta? Swali dogo. Nikalimeza, nikanyoosha kidole kwenye cha fedha, nikaitikia kwa kichwa kila alichosema, nikatoka.

Kilirekodi vizuri. Nilikiweka juu ya stuli mbele ya shangazi, nikambonyezea, taa nyekundu ikawaka, akanitazama akasema kwa ile sauti iliyokwisha kuchakaa, "Sauda, toka. Na ukienda kuyatia kwenye hiyo kompyuta yako usisikilize, haya si yako bado. Ukishatia, humu ndani futa, nisije nikasikika kwa kila mtu." Nikasema ndiyo shangazi. Nikakaa jikoni dakika thelathini na nne. Alipofungua mlango macho yamevimba, akaniwekea kinasa sauti mkononi akakifunika kwa vidole vyangu mwenyewe, kimoja kimoja.

Kesho yake akalazwa, na mimi nikakaa na laptopu kuukuu ambayo baba aliletewa kutoka ghala la vipuri anakofanya kazi, Ras Al Khor, nikagundua kile kitu cha fedha hakina kijiulimi, hakina tundu la waya wa kompyuta, kina tundu la hedifoni tu. Nilisoma mtandaoni nikaona kuna njia: unachukua waya wenye ncha mbili sawa, ncha moja unaitia kwenye tundu la hedifoni la kinasa sauti, ya pili kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta, kompyuta unaiambia irekodi, halafu kinasa sauti unakiacha kicheze chote mwanzo hadi mwisho. Dakika thelathini na nne za maneno zinataka dakika thelathini na nne za kukaa. Sawa. Laptopu ile ilikuwa na matundu mawili yaliyokaa pamoja kama mapacha, michoro yake imefutika, nikachomeka kwenye moja. Nikabonyeza. Kwenye kioo kamstari ka kijani kakaanza kurukaruka, nikasema alhamdulillah, shangazi huyo anaingia.

Chumba kilikuwa kimya kwa sababu waya ukishachomekwa kinasa sauti hakitoi sauti nje, na kwa kusikiliza ningevaa hedifoni, lakini si niliambiwa nisisikilize? Nikageukia kioo cha kabati nikajipa shughuli yangu. Nyie mnajua mimi mbele za watu sisemi. Peke yangu nasema sana. Nafanya mazoezi. Siku ile nilikuwa najiandaa kumwamkia Bi Nasra, mama yake bwana harusi, Mzanzibari wa siku nyingi hapa Dubai, ambaye akikuona tu anakukagua kama mpunga. Nikawa nafanya Bi Nasra kwa sauti yake: "Wee Sauda, mbona umekonda hivo, ati nyumbani hawakupi kula? Mie n'na samli nzuri, njoo nikupe." Halafu najijibu, "Shikamoo Bi Nasra, nimeshiba." Halafu narudia, maana "nimeshiba" si jibu. Kamstari ka kijani kanaruka.

Mama akaingia na kapu la nguo za kukunja. Tukaongea. Kamstari kanaruka. Sikujiuliza kwa nini tukinyamaza na kenyewe kanalala.

Dakika zilipotimia nikahifadhi, nikatazama urefu, thelathini na nne na kidogo, sawasawa. Nikaweka kwenye flashi. Halafu, kwa utiifu wote walio nao wasichana wa dunia hii, nikakifuta kinasa sauti, na wiki ile ile nikarekodi juu yake somo la Baiolojia.

Siku ya hina sebule yetu ilijaa wanawake mpaka viatu vikafika kwenye lifti. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kochi, shingo imefungwa kitambaa cheupe chepesi, amekonda, lakini amevaa leso mpya na macho yake yanachekacheka. Rehema yuko mkekani miguuni pake, mikono yote miwili imenyooshwa mbele, hina mbichi. Mama alikuwa ameisogeza ile spika kubwa karibu na kochi. Nikaunganisha laptopu, watu wote wananitazama, Bi Nasra akasema, "Haya mwari mdogo, bonyeza utupishe." Nikabonyeza, nikatoka mbio, na nyuma yangu nikasikia komeo.

Nilisimama koridoni najisikia mtu muhimu. Kwanza kimya. Halafu mlangoni kwetu ikaja sauti kubwa, ya spika: "Wee Sauda, mbona umekonda hivo, ati nyumbani hawakupi kula?"

Nilidhani ni Bi Nasra mwenyewe. Wallahi. Mpaka niliposikia "Shikamoo Bi Nasra, nimeshiba", mara tatu, kila moja na mapozi yake, na ndani kicheko kikapasuka, wanawake wanadhani ni mchezo umetangulizwa kuwachangamsha. Nikagonga mlango. "Watoto subirini huko!" mtu akapiga kelele. Nikagonga kwa ngumi mbili. "Ni mimi! Fungueni, ni mimi!" Na ndani mimi mwingine anaendelea kusema, kwa sauti kubwa ambayo sijawahi kuitoa mbele ya mtu yeyote maishani mwangu.

Kisha ikaingia sauti ya mama yangu kwenye spika, na hapo kicheko kikakatika.

"Ushamaliza?"

"Bado, mama."

"Anasema nini huyo?"

"Sijui. Kasema nisisikilize."

"Wifi yangu na mdomo wake." Kikasikika kitu kama nguo inakung'utwa. "Miaka yote hii naomba anyamaze japo siku moja ninywe chai yangu kwa amani. Leo naambiwa atanyamaza moja kwa moja, Sauda, na mimi sitaki. Nitagombana na nani mimi?" Halafu mama analia, mle ndani ya spika, analia na kupenga kamasi, na sebule nzima inamsikiliza.

Komeo likafunguliwa. Mama ndiye aliyefungua, uso umempauka. Hakuna aliyejua kuizima, Rehema ndiye anayejua kompyuta na mikono yake ilikuwa mibichi. Nikapita katikati ya watu nikang'oa waya. Nikawaambia wasubiri, nimekosea faili, lipo jingine. Nikatafuta kwenye flashi. Nikatafuta kwenye laptopu. Nilitafuta mahali ambapo nilijua hamna kitu, kwa sababu nilikuwa naogopa kugeuka. Tundu lile lilikuwa la hedifoni. Kompyuta haikupata hata neno moja kutoka kwenye waya, ikatumia kimaikrofoni chake chenyewe kilichopo juu ya kioo, ikakinasa chumba.

"Sauda," Rehema akauliza polepole, "kwenye rekoda si yapo?"

Nikasema, "Nilifuta."

Shangazi alifungua mdomo. Mwili wake wote uliinuka kama zamani alipokuwa anataka kunigombeza, na kilichotoka ni pumzi tu, chini, penye kitambaa. Akakaa. Akamshika Rehema mashavu, akaanza kusema kwa midomo bila sauti, haraka haraka, na Rehema anamkodolea macho anasema, "Sielewi mama. Mama, taratibu, sielewi." Machozi yalimtiririka Rehema mpaka kidevuni na hakuweza kuyafuta kwa ajili ya hina, shangazi akawa anamfuta kwa ncha ya leso huku midomo yake bado inaendelea.

Hakuna mtu aliyenipiga wala kunitukana, mngejua jinsi nilivyotamani. Bi Nasra (ambaye nilimwigiza mbele ya nyumba nzima) ndiye aliyesema, "Mtoto msimlemee, ni vyombo hivi." Lakini bi harusi haondoki bila kuusiwa, na dada zake shangazi wako Tanga, basi wakatazamana, mwisho Bi Nasra mwenyewe akasogea mkekani akamuusia. Alisema vizuri. Mlango haukufungwa tena kwa hiyo nilisikia, mengi yalikuwa ya kumvumilia mume. Muda wote huo shangazi alikuwa anatazama zulia, akisikiliza mama wa mwanamume akisema mahali pake.

Baba alikipeleka kinasa sauti kwa fundi mmoja na mwingine, wakakifungua, wakatikisa kichwa. Shangazi alijaribu kumwandikia Rehema kwenye daftari akajaza nusu ukurasa, na Rehema akaniambia ni mambo ya chumvi, na kufunga dirisha usiku, na kutolala na hasira. "Mengine anasema hayaandikiki," akaniambia, kisha akaondoka na mumewe.

Wiki baada ya harusi shangazi alikuja kwetu. Lifti ilifika na hatukujua nani kaja. Mama alipoenda kuweka chai yeye akaniita kwa mkono, nikakaa miguuni pake, akatoa kile kidaftari chake akaandika, akanigeuzia: *Hukusikiliza hata kidogo?*

Nikatikisa kichwa.

Akaandika tena, kalamu inasita: *Hata kwa bahati mbaya? Neno moja tu. Nimeanza kusahau nilivyosema.*

Nilitaka kumdanganya. Nilitafuta neno moja ambalo mama anaweza kumwambia mwanawe, nimpe, na sikulipata, kwa sababu nilikaa jikoni, kwa sababu sikuvaa hedifoni, kwa sababu mimi nikiambiwa nifanye jambo nalifanya. Nikatikisa kichwa tena. Akanipapasa nywele, akaandika maneno mawili ambayo ndiyo yanayonifanya nijifunike shuka saa hizi: *Mtoto mwema.*

Kwa hiyo nimeapa, na ninyi mnishuhudie. Nikipewa tena sauti ya mtu nimhifadhie nitaisikiliza, hata nikiambiwa si yangu, hata nikikatazwa kwa jina la Mungu, nitasikiliza mwanzo na katikati na mwisho, na nikigombezwa nitagombezwa. Na dukani nitauliza, watu wasubiri. Ila najua itakuwa sauti ya mtu mwingine.