Siku Niliyoshinda Mbio za Kishanda Nikiwa Juu ya Pikipiki

Jamani, aibu hii ningeificha mpaka kaburini kama ingefichika, ila video yake ilifika Bukoba kabla yangu mimi mwenyewe, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi kuliko kuwasikiliza wanakwaya wenzangu ambao kila wakisimulia wanaongeza chumvi. Mimi, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, bibi wa wajukuu wanne, nilivishwa shada la maua mbele ya usharika mzima kwa mbio ambazo kipande chake kikubwa nilikimaliza nimekaa juu ya pikipiki.

Nianze na goti, maana ndilo lenye kesi. Nilianza kukimbia nikiwa na miaka hamsini na nane, baada ya presha kunitisha, na wiki ya kwanza majirani zangu wa Ijuganyondo walidhani nimeletewa taarifa ya msiba (mmoja alitoka kwenye migomba yake na panga mkononi akiuliza, “Mwalimu, nani amefariki?”), lakini baadaye wakanizoea, na mimi nikapazoea pale barabarani asubuhi, ukungu haujaisha, pumzi zinatoka, mwili unakuwa wangu tena kama zamani. Miaka minne nilikimbia hivyo. Halafu goti la kulia likaanza kulia kwenye miteremko, likaanza kuvimba, na siku moja likagoma kabisa kunishusha ngazi za kanisani.

Daktari aliniambia bila kuzunguka. “Mama, gegedu limelika. Sijasema usikimbie maisha yako yote. Nimesema wiki sita upumzike, ufanye haya mazoezi ya paja, kisha urudi tuamue pamoja.”

Nikafika nyumbani, nikamwambia mume wangu, Ta Ishengoma, kwamba daktari hajanikataza kukimbia. Si uongo, ila nusu ya maneno niliiacha kliniki. Bahati mbaya mzee wangu alikuwa bwana mifugo, na mtu aliyezoea kusoma kadi za chanjo za ng’ombe hashindwi na karatasi ya daktari. Aliisoma mbele na nyuma, akavua miwani.

“Wiki sita,” akasema.

“Wiki sita,” nikakubali.

Sasa naomba mnielewe kidogo kabla hamjacheka. Sikuwa naogopa maumivu. Nilikuwa naogopa kwamba nikisimama, sitaanza tena. Dada yangu mkubwa aliacha kupanda mlima wa shambani kwa sababu ya magoti, akaacha kwenda sokoni, akaacha kuja kanisani, mwisho tukawa tunamkuta kitini palepale tulipomwacha wiki iliyopita. Nikilala nilikuwa naona kile kiti.

Wiki ya tatu ndiyo ikaangukia jubilei ya usharika wa kwetu nilikozaliwa, Kishanda, kule Muleba. Kulikuwa na ibada, chakula, na mbio za kilomita tano, pamoja na kundi la akina mama waliovuka hamsini. Niliaga kwamba nakwenda kukaa kwenye meza ya maji, niwagawie wakimbiaji vikombe. Na kweli nilikusudia hivyo. Ila asubuhi ile, wakati nafungasha, nikachukua raba zangu nikazisukumia chini ya kikapu, juu nikaweka kitenge. Hapo ndipo nilipoharibu. Ukibeba raba kwenda kugawa maji, tayari umeshaamua, unajizungusha tu.

Pale Kishanda nilimkuta Ma Leonia, rafiki yangu tangu tukiwa tunachota maji pamoja kisimani, amevaa namba kifuani na sketi ndefu juu ya traksuti. Akanitazama mguu.

“Koku, nasikia goti linakusumbua.”

“Lilikuwa linasumbua,” nikasema. “Limeshapona.”

Basi. Kufika hapo nilikuwa siwezi tena kukaa kwenye meza ya maji. Nikameza vidonge viwili vya maumivu, nikalifunga goti bandeji mpaka likafanana na ndizi iliyofungwa kwenye jani, nikajifunga kitenge kiunoni, nikaenda kuchukua namba.

Kilomita ya kwanza, waitu, niliruka! Watoto niliowafundisha, ambao sasa wana vipara, wakawa wanapiga kelele “Mwalimu! Mwalimu!” na mimi nikawapungia mkono kama mtu wa maana. Kilomita ya pili tukaanza kushuka kuelekea kijitoni, na goti, ambalo vidonge vililinyamazisha tu bila kulitibu, likaamka lote kwa mkupuo. Nilisikia kitu kimejibana ndani, kama mlango uliokwama, mguu haukunjiki wala haunyooki. Nikayumba mpaka kwenye kibanja cha watu, nikakaa chini katikati ya migomba, kwenye majani makavu.

Leonia, aliyekuwa nyuma yangu, akasimama. “Koku, nini? Nikusubiri?”

“Nenda,” nikamwambia. “Nafunga kamba ya kiatu.”

Akaangalia viatu vyangu (kamba zote zilikuwa zimefungwa vizuri kabisa), akaniangalia mimi, akaenda.

Nilikaa pale nikilia, si kwa maumivu peke yake. Akapita Kamugisha na pikipiki yake, mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza mvi, niliyemfundisha darasa la nne. Akanikuta nimeshika mgomba najaribu kuinuka. Hakuuliza mengi. Nikamwomba anipeleke kanisani kwa njia ya nyuma, kimyakimya, nikakae kwenye gari tulilokuja nalo kutoka Bukoba nisionekane na mtu. Akasema, “Hakuna shida, Mwalimu, kuna njia ya mkato.” Akanipakia, mguu umetokeza pembeni kama mti wa kujengea, tukapita vibanjani, akanishusha nyuma ya vyoo vya shule iliyo jirani na kanisa, akaondoka na abiria mwingine.

Mimi sikujua kwamba utepe wa kumalizia walikuwa wameuhamishia upande huo wa shule. Nilijivuta nikazunguka kona ya ukuta, nachechemea, jasho linatiririka, majani ya migomba yamenasa kwenye nywele, na nikatokea barabarani hatua kama thelathini kutoka kwenye utepe, uso kwa uso na umati.

Vigelegele! Mshereheshaji akadaka kipaza sauti. “Mama huyo! Mwalimu Koku, miaka sitini na miwili, anaumia lakini hakati tamaa! Wa kwanza kwa akina mama!” Nikainua mikono yote miwili kukataa, nikiipunga hivi na hivi, wao wakaona nawasalimia, vigelegele vikazidi. Nikajaribu kugeuka nirudi nilikotoka, akina mama wawili wa kwaya wakanikamata makwapani, “Usikate tamaa sasa, Mwalimu, umebakiza kidogo!” wakanipitisha kwenye utepe kwa nguvu. Nilisema, “Sikilizeni, mimi sikukimbia,” nikasema mara mbili, lakini ngoma zilikuwa zinalia na sauti yangu ilikuwa imekwisha. Shada likaingia shingoni. Mchungaji akanishika mkono akasema mimi ni mfano kwa wazee wote. Bibi mmoja alikuwa anafuta machozi. Na hapa niseme ukweli wote: mara ya tatu sikusema. Nilipomwona yule bibi analia, nikanyamaza. Nikasimama na shada langu, nikakabidhiwa kamba ya mbuzi wa zawadi.

Ndipo Ma Leonia akatokea.

Alikuwa anakuja polepole, sketi imejaa tope mpaka kiunoni, uso umelowa jasho, anakimbia kweli kweli. Akavuka. Akaniona. Akamwona mbuzi. Mshereheshaji akaanza kutafuta karatasi yake. Mimi nikasubiri aseme. Alikuwa na haki ya kupiga kelele Muleba nzima imsikie.

“Hongera, Koku,” akasema taratibu. “Labda ulinipita pale kijitoni, sikuangalia vizuri.”

Angenitukana ningevumilia. Lakini aliamua kunisitiri, yeye, na tope lake lote lile, na hapo nikakumbuka wanafunzi wangapi niliwasimamisha mbele ya darasa kwa kuangalizia majibu. Nikaomba kipaza sauti.

“Ndugu zangu, mimi nilikaa kwenye migomba ya watu, nikaletwa na pikipiki. Mshindi ni Ma Leonia. Goti langu ni bovu, na nilimdanganya mume wangu na daktari na Leonia na nyinyi.”

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini nilitaka nimkabidhi Leonia mbuzi kwa heshima, nikapiga hatua na ule mguu uliokwama, mbuzi akashtushwa na kipaza sauti kilichopiga mluzi, akavuta upande wake, mimi nikaenda upande wangu, na huo upande wangu ulikuwa meza kuu. Nilianguka nayo. Kreti la soda lilimwagika kwenye kanzu ya mchungaji, kitenge kikabaki kwenye kona ya meza, na mimi nikabaki chini na kaptula ya mazoezi ya mjukuu wangu yenye picha ya mpira matakoni. Wanaume wanne wakanibeba juu ya benchi la kanisa kunipeleka kwenye gari, na njia nzima watu walikuwa wamebana vicheko mpaka mabega yanatikisika. Leonia alitembea pembeni ya benchi, amenishika mkono. “Cheka tu,” nikamwambia. Akacheka mpaka akakaa chini barabarani, na mimi, na maumivu yote yale, nikacheka.

Ta Ishengoma alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. Nikajua ameshaiona video. Akaniketisha, akaliinua goti juu ya mto, akalizungushia barafu kwenye taulo kwa ile mikono iliyozoea kushika miguu ya ndama.

“Ningekukataza kukimbia?” akauliza.

“Ungesema ningoje.”

“Ningesema ungoje. Ndiyo. Halafu ningengoja na wewe.” Akalikaza taulo. “Mimi hunitishi na goti, mama. Ulinitisha na kuficha raba.”

Nilianza upya kuhesabu wiki sita, safari hii zote. Mazoezi ya paja nilifanya asubuhi na jioni, mzee akinihesabia kwa sauti kama anahesabu mifugo joshoni. Niliporudi kwa daktari (alikuwa ameiona video, nilijua kwa jinsi alivyokohoa) tukaamua pamoja: natembea siku tatu, nakimbia siku mbili, penye tambarare tu, miteremko nashuka nikitembea, na likianza kuuma nasimama hapohapo. Inawezekana siku moja atasema basi. Nimemwambia akisema, nitalia kwanza, halafu nitamsikia.

Juzi nilikuwa Nyanga nakimbia, mwendo wangu huu wa kobe, goti likaanza kuchoma. Mbele yangu kulikuwa na akina mama wanaanika kahawa, wananitazama. Zamani ningekazana mpaka niwapite. Nikasimama. Nikakaa kwenye jiwe la mlangoni mwao.

“Mwalimu, umechoka?” mmoja akauliza.

“Hapana,” nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya pili. “Goti linaniuma.”

Wakanipisha kwenye mkeka, nikanyoosha mguu.