Mifuko Niliyotandika Kando ya Kijito

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka kumi na moja, na hapo shida ikaanza. Baba alikufa, nikaachishwa shule darasa la pili. Nikawa nabeba puaro, mboga ya jamii ya kitunguu, pamoja na mama, kamba kwenye paji la uso, kwa mguu kutoka Masereka mpaka Butembo. Kusoma nasoma polepole. Kulima, hakuna mutu wa kunifundisha.

Shamba la kwanza nilinunua mwenyewe. Si la bwana, si la ukoo. Ni kipande kidogo kando ya kijito, udongo mweusi. Pale nikafanya pepinyeri, mahali pa kuotesha miche ya puaro na vitunguu kabla ya kuihamisha. Wanawake wa Kirumba walipita pepinyeri tatu za watu wengine wakija kwangu. Miche mingine ilishuka kwa lori mpaka Beni, ingawa joto la kule linaipiga.

Mama alifunika mbegu kwa nyasi kavu. Lakini nyasi inataka kukatwa na kubebwa, halafu mbuzi wa jirani wanakuja kuila. Mimi nikaona mifuko ya zamani, ile myeupe ya kusukwa ya mchele, inatupwa sokoni Butembo. Nikaipasua, nikaitandika juu ya mbegu. Mbuzi hawakuigusa, na maji yalibaki ndani. Wazo lilikuwa langu, na nilijisifu. Majirani wakaniiga, na baada ya miaka michache kilima chote kilikuwa cheupe.

Jua la mlimani linakula mfuko. Baada ya misimu miwili ukiushika unavunjika mkononi. Vipande vikubwa nilivitoa, vidogo nikavilima ndani. Nilisema udongo utavikula kama unavyokula kila kitu. Nikafanya hivyo karibu miaka ishirini.

Asubuhi moja mteja wangu wa siku nyingi, mama wa Kirumba, akashuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, na kitita cha miche. Hakuketi.

"Mama, uko na mashini ya kushona?"

"Sina."

"Basi nani alishona hii miche?"

Akaigeuza. Mizizi ilikuwa imefungwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kama nywele.

"Nusu ilikauka," akasema. "Ile ingine inasimama tu kama polisi kwenye rond-point ya barabara. Haiende, hairudie."

"Udongo wenu wa Kirumba ndio mbaya."

"Lakini mama, hii nyuzi ilitoka kwangu? Mimi nanunuaka kwako juu watu wote wanasema miche yako ni ya muzuri. Ikiwa ni hivi, nitakuwa napita hapa bila kusalimia."

"Pita. Barabara si yangu."

Akaenda, akaniachia kitita chake. Nikachota udongo wa pepinyeri, nikautia katika beseni la maji, nikakoroga. Nilitaka kuonyesha kwamba yule mama ni muongo. Udongo ukashuka chini. Juu zikabaki chembe nyeupe, kama unga wa muhogo uliomwagika. Nikaongeza udongo mwingine, zikaja tena. Nikachota udongo wa kipande changu cha juu ya njia, ambako sijatandika mfuko hata siku moja. Juu ya maji kulibaki majani mawili tu.

Hapo nikakumbuka mambo ambayo nilikuwa nikisingizia mvua na mbegu: maji yanasimama juu badala ya kuingia, jembe linageuza udongo bila kutoa mnyoo hata mmoja. Sikusoma, sijui kueleza ni nini kinafanya nini. Nasema nilichoona.

Wiki ile ile nikapanda moto mpaka Kirumba.

"Ni mimi," nikamwambia yule mama. "Ni mifuko yangu."

"Ulisafiri kuja kuniambia hivyo tu?"

"Na miche hii, ya kile kipande cha juu ya njia, hakina mfuko. Usinilipe."

Akaiangalia mizizi mmoja mmoja, bila haraka, mimi nimesimama. Kisha akasema, "Keti basi, mama. Utakunywa chai?"

Jumapili nikawaambia majirani nje ya kanisa. Mwanaume mmoja akacheka. "Wewe ndiwe ulituonyesha mifuko. Leo unatukataza?"

"Ndiyo. Nilionyesha mimi, nakataza mimi."

Wengine wameacha, yeye anatandika bado. Mimi nyuzi naziokota. Ile unga nyeupe ya kwenye beseni hapana, haiokoteki.

Leo niko na nyumba ya mbao yenye mabati. Niko na mashamba manne, yote nilinunua mwenyewe, na mbuzi tisa. Majembe matano, mawili yameisha makali. Pepinyeri mpya, ndogo kuliko ya kwanza, inafunikwa na nyasi. Na kile kipande kando ya kijito, ambako nimepanda matete. Hakuna mche utakaotoka pale kwenda kwa mutu.