Kidole Changu na Mafaili ya Waithera

Waithera ndiye anayeandika haya ninavyoyasema, kwa sababu mimi sikuenda shule. Amekataa kuandika sifa zake. Nimemwambia kalamu ni yake lakini mdomo ni wangu, kwa hivyo aandike: huyu msichana amefanya kazi katika kliniki ya Daktari Kipyegon, hapa mtaa wa Free Area, Nakuru, miaka kumi na mmoja, na wagonjwa anawajua kama mtu anavyojua mbuzi wake. Unaingia mlangoni, hujataja jina, faili lako liko mezani.

Mwaka jana mwenye jumba alitaka jumba lake. Daktari akapata nafasi mtaa wa Pipeline, na makaratasi yote ya kuhama akamwachia Waithera. Mimi nilidhani kuhama ni kupakia viti kwa pikapu. Kumbe kliniki haihami kama gunia la maharagwe. Waithera aliandikia bodi ya madaktari barua, akangoja mkaguzi wa afya aje apime sinki na upana wa mlango, akabadilisha leseni ya kaunti, akaandikia watu wa bima, watu wa umeme, na hata yule jamaa anayechukua sindano zilizotumika. Alizunguka ofisi za Nakuru mpaka viatu vikaomba likizo.

Kikabaki kitu kimoja. Wakili wa daktari alisema faili la mgonjwa halibebwi bila ruhusa yake. Kila mmoja aweke sahihi, na asiyejua kuandika aweke kidole, kabla ya Jumatatu jioni. Asiyefanya hivyo, faili lake lingefungiwa kwenye katoni kwa wakili, na yeye angeanza upya huko Pipeline kama mtu aliyezaliwa jana, presha yake haijulikani, sukari yake haijulikani.

Sasa nieleze ubaya wangu. Miaka thelathini nimewaambia majirani kwamba nilisoma kwa wamishonari hadi darasa la saba. Kanisani hushika Biblia wazi nikitikisa kichwa. Na Chepkirui, jirani yangu ambaye tumeshindana tangu tukiwa na meno, huketi nami kwenye benchi ya kliniki. Jumanne Waithera alipotoa kile kikebe cha wino, nikaona nikipakwa mbele ya Chepkirui, nimekwisha.

Basi nikafanya kazi ninayoijua, ya kutunga hadithi za kuchekesha. Nikawaambia wenzangu, kwa sauti ya mtu anayeficha siri, kwamba ukiweka kidole kwa ile karatasi ugonjwa wako unakuwa mali ya daktari, na hata kufa itabidi uombe ruhusa Pipeline. Nikamleta binamu yangu wa Molo, ambaye hajawahi kuzaliwa. Huyo aliweka kidole kwa karatasi kama hiyo, akaamka kidole laini kama yai, na siku ya kura mashine ikakataa kumjua. Watu walicheka. Lakini vidole hawakuweka.

Jumatano Mzee Thuo alikuja amefunga mkono mzima kwa leso ya mkewe, na mkono haukuwa na kidonda. Mwingine akasema lazima amuulize kwanza mtoto wake aliye Eldoret. Hata wale wanaojua kuandika wakaanza kusahau majina yao. Kufikia Alhamisi, kati ya mafaili mia mbili na zaidi, Waithera alikuwa amepata ruhusa kumi na nne.

Siku hiyo nilikuwa karibu na mlango daktari alipomwambia, bila kupandisha sauti, kwamba alidhani wagonjwa wanamwamini. Kama sivyo, huko Pipeline ni afadhali atafute mtu mwingine wa kuketi mezani. Akampa hadi Jumatatu. Waithera alijifuta wino kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

Uso uliniwaka. Nikangoja watu waishe, nikamwambia ni mimi.

"Shosho," akasema, kama anavyowaita bibi wote, "kwani uliogopa nini?"

Nikamwambia sijui kusoma.

"Hiyo najua," akasema. "Unafikiri kwa nini dawa za wengine nazisoma kwa sauti, na zako nakuja kukusomea sikioni?"

Mimi nimewahi kuteleza kwenye tope mbele ya askofu, sketi ikafika kichwani, na nikainuka nikiimba. Lakini siku hiyo sikujua macho niyaweke wapi. Aliyenifichia siri miaka yote ndiye niliyemchimbia shimo.

Ijumaa nilianza kwa Mzee Thuo. Nikamwambia ile habari ya kidole niliitunga. Alicheka mpaka leso ikafunguka.

"Wariara, huu uongo ni mtamu kuliko ule wa binamu. Daktari amekupa unga kilo ngapi useme hivyo?"

Niliingia nyumba tisa. Kote nilipewa chai, na kote nikaombwa niongeze kidogo. Kumbe ukweli nao unataka mdomo uliozoea.

Jumapili, matangazo yalipoisha, nikamwomba mchungaji dakika moja. Watu wakajiweka sawa kwenye viti, tayari kucheka. Nikasema, "Mimi sijui kusoma. Hata jina langu siwezi kuandika. Ile ya kidole niliitunga ili Chepkirui asinione nikipakwa wino."

Hakuna aliyecheka. Nadhani waliamini kwa sababu hakuna anayetunga hadithi ya kujipunguza. Chepkirui aliniangalia, kisha akaangalia chini, na hiyo iliniuma kuliko kama angenizomea. Waithera alikuwa na karatasi mkobani. Niliweka kidole pale nje, kwenye meza ya chai, kila mtu akiona. Chepkirui akafuata, akaandika jina lake polepole.

Jumatatu foleni ilifika barabarani. Waliobaki bila kutoa ruhusa ni watatu tu, na mmoja wao alishahamia Naivasha.

Jumanne pikapu ilipokuwa ikipakiwa, Daktari Kipyegon, ambaye haabudu kanisani kwetu na hakuwa amesikia uongo wangu, ila tu kwamba niliwaleta watu, akamwambia Waithera meza ya Pipeline ni yake. Halafu akanishika mkono kwa mikono miwili, mbele ya wapakiaji, akanishukuru kwa kuwahimiza wenzangu. Akasema kliniki ingekuwa na mama watano kama mimi, isingekuwa na shida.

Nikafungua mdomo nimweleze. Waithera, amebeba katoni, akanikanyaga mguu.