Chunusi za Mdogo Wangu Feza

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ambayo mdogo wangu Feza alikataa kutoa kitenge usoni. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, amejifunika kuanzia paji la uso mpaka kidevuni, daftari zake pembeni, na saa ya shule imeshapita. Nikamwambia ainuke, akatikisa kichwa. Nikamwambia nitaleta fimbo. Akanijibu kwa sauti ndogo kutoka ndani ya kile kitenge, akiniita Yaya kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "Yaya, unipige tu. Mi sitaenda."

Nchi yetu wakati huo iliitwa Zaire, chama kilikuwa kimoja, na mimi nilikuwa na miaka ishirini, nashona nguo kwa cherehani ya mkono barazani kwetu, hapa hapa Kindu. Mama alikuwa amepanda treni kwenda Tunda kumuuguza bibi, akaniachia Feza, mtoto wa miaka kumi na moja, darasa la sita. Asubuhi ile ya kitenge ulikuwa umebaki mwezi mmoja afanye mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na asiyefanya mtihani ule sekondari aliisikia kwa wenzake. Pale kwenye kituo cha reli mama aliniambia neno moja tu: "Huyu mutoto asome." Mengine aliiachia akili yangu, na akili ya miaka ishirini, mwanangu, ina miguu mirefu na macho mafupi.

Chunusi zilikuwa zimeanza mbili tu, juu ya nyusi. Wiki chache baadaye zikajaa paji lote na mashavu, nyingine nyekundu, nyingine na usaha kichwani. Yeye mwenyewe mwanzoni hakujali sana. Aliyejali nilikuwa mimi. Wateja wangu wakija kupimwa walimtazama, kisha wakanitazama mimi. Mmoja akaniuliza kama kwetu maji yamekatika. Waliosema uso umeumbwa na haya hawakukosea, ila haya ile ilikuwa ya kwangu, na mimi nikaenda kuitibu kwenye uso wa mtoto.

Nilimsugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia, asubuhi na jioni. Alilia. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nikajiambia, nikazidi kusugua. Nikazikamua kwa kucha zangu. Nikampaka ndimu. Zilipokataa kuondoka nikanunua kwa mama mmoja wa sokoni mafuta ya kung'arisha ngozi, yaliyochanganywa nyumbani, kwenye chupa isiyo na karatasi wala jina. Aliniapia kwamba siku tatu zinatosha, na kwa kweli zilitosha. Siku ya tatu mashavu ya mdogo wangu yalivimba, ngozi ikaanza kubambuka, na shavu la kushoto likawa jekundu kama nyama.

Hata hivyo nikampeleka shule. Huko wenzake wakamwita Nanasi, kwa ule uso wenye vipele. Siku zile kila shule ilikuwa na kikundi cha kuimba na kucheza kusifu chama wageni wakubwa wakija mjini, tukiita animasio, na Feza alikuwa mstari wa mbele kwa sababu kwa viuno vile na ile miguu hakuna aliyemfikia. Msimamizi wa ngoma akamshika bega mbele ya wenzake, akampeleka nyuma kabisa. Ndipo asubuhi iliyofuata akajifunika kitenge.

Siku nne zikapita hivyo, mimi natisha, yeye hatoki. Siku ya tano Mama Mkubwa Asina, dada yake mama, akavuka mto kwa mtumbwi kuja kutuona. Alikuwa mkunga ng'ambo ya pili, mwanamke mfupi, mnene, asiyepandisha sauti. Aliketi mkekani karibu na Feza, akaomba aone, akangoja. Alingoja muda mrefu kweli, anazungumza habari za mpunga na bei ya chumvi, mpaka mtoto mwenyewe akafungua kitenge. Hakushtuka. Aliutazama uso ule kama mtu anayesoma barua, kisha akageuka kwangu.

"Nani aliunguza huyu mutoto?"

"Mama Mkubwa, ni chunusi..."

"Chunusi nazijua. Minauliza huu moto."

Nikaleta ile chupa. Alipoinusa tu, uso wake ukabadilika. Akaimwaga chooni mwenyewe, akarudi.

"Zaina, sikiliza. Huyu mutoto hana buchafu. Mwili wake unaanza kukomaa, ndo vile. Mama yako alikuwa nazo, na wewe ulikuwa nazo. Nani alikusugua kama sufuria?"

Ni kweli nilikuwa nazo. Mama alikuwa akininawisha kwa mkono wake, taratibu, akiimba, wala sikuwahi kujua kwamba nina kasoro.

"Sasa umuombe samahani," akasema.

Mwanangu, leo mnaweza kuliona jambo dogo. Wakati ule mkubwa hakumwomba mtoto samahani. Nilipiga magoti, maana yeye alikuwa chini, nikamwambia, "Feza, nilikuumiza. Niliona haya ya watu nikasahau maumivu yako. Unisamehe." Alinilazia kichwa begani, na lile shavu lenye kidonda likaacha maji kwenye blauzi yangu.

Siku hiyo hiyo tulikwenda zahanati. Muuguzi akasafisha shavu, akatupa dawa ya kuungua, akasema dodoki na ndimu visikaribie uso tena. Tangu hapo nilifuata maagizo ya Mama Mkubwa kama sheria. Maji safi na sabuni laini, mara mbili kwa siku, kwa vidole tu. Mafuta ya nywele yasishuke kwenye paji la uso. Kitambaa cha kulalia kifuliwe mara kwa mara. Hakuna kukamua, hata moja, hata kama inakuita. Na kungoja. Hilo la mwisho lilinishinda kuliko yote.

Ila shule haikungoja. Asubuhi iliyofuata nilifunika cherehani, nikamwambia, "Tutaenda pamoja. Ukitaka kitenge, vaa. Lakini tutaenda." Tukaenda. Nilimtafuta mwalimu wa darasa, nikamwita Sitwayeni Mwalimu, yaani Raia Mwalimu, kama tulivyotakiwa kuitana, nikamweleza bila kuficha: nilimuunguza mimi, si ugonjwa, hauambukizi, na jina la Nanasi likome. Alikuwa mtu mwenye haki. Aliingia darasani akaongea na wanafunzi, akamhamisha Feza kutoka benchi la mwisho alikokwenda kujificha, akamleta mbele.

Yule wa ngoma naye nilimfuata. Akaniambia wageni wanataka kuona sura nzuri. Nikamjibu, "Huyu anacheza kwa miguu. Wageni wako wanatazama chunusi?" Kabla hajajibu, Feza akanivuta mkono.

"Yaya, acha. Kama ni nyuma, sichezi. Nitasoma."

Akageuka, akaingia darasani. Sikumfundisha mimi maneno yale. Uimara aliutoa ndani yake, na mimi nilisimama uani nikiona kwamba kwa wiki zote zile nilikuwa nimelinda uso nikasahau mtu.

Kila siku nilimsindikiza kwenda na kurudi, nguo za wateja zikichelewa, wengine wakinung'unika. Kitenge kilishuka polepole: kwanza macho yakatoka, kisha pua, kisha akakifunga shingoni. Mtihani aliufanya, akapita. Usidhani kwamba chunusi zilikuwa zimekwisha. Alikuwa nazo nyingi siku ile, na zilimkaa miaka mitatu mingine kabla hazijapungua zenyewe. Doa la shavu la kushoto halikuondoka kabisa. Leo Feza ni bibi, anaishi Lubutu na wajukuu wake, na kila akija kunitembelea nalitazama. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Basi wewe uliye na mtoto wa umri ule, nisikilize. Chunusi zake si uchafu wala laana wala aibu yako. Mnawishe kwa upole, usikamue, usimpake kitu usichokijua jina, na zikimuuma au zikizidi, mpeleke kwa muuguzi kabla ya kwenda sokoni. Usimcheke, wala usikubali achekwe. Akijificha, keti karibu naye ungoje. Ukimkosea, mwombe samahani, heshima yako haitapungua. Lakini usimwache nyumbani akijizika akiwa hai. Mshike mkono mtoke naye, leo, kesho, na kesho kutwa, mpaka siku atakapouachia mwenyewe mkono wako.

Mungu akupe mikono laini na moyo usiochoka. Mtoto wako akue, apendwe kwa jinsi alivyo, na siku ukizeeka akutazame bila kuogopa. Amina.