Tulipokwenda Kunywa Chai Ndani ya Seng'enge

Nikiri mapema: mimi nina mdomo. Mama yangu alikuwa akisema hatapatikana mwanaume wa kuniweza. Kwa hiyo nilipoingia chama cha baiskeli cha vijana pale Isiolo, msichana peke yangu kati ya wavulana saba, hakuna aliyenicheka mara mbili. Baba alikuwa karani wa serikali, mtu wa Meru, na baiskeli yake ilikuwa yangu kila Jumamosi mradi niirudishe imepanguswa.

Mwanzoni tulikwenda tulikotaka. Tulipanda upande wa milimani, tukisukuma baiskeli kuliko kuziendesha, kisha tukateremka bila kukanyaga pedali, tukipiga kelele kama wendawazimu. Siku nyingine tulikata vichaka mpaka kwa mama wa nahodha wetu. Nahodha alikuwa Mborana, kijana mrefu, mpole, akikaa mjini kwa mjomba wake ili asome. Mama yake alikuwa na ng'ombe wengi. Ukifika kwake, hujaegemeza hata baiskeli, chai ya maziwa matupu hii hapa. Ila hakukupa kikombe kabla hajapiga funda moja yeye mwenyewe. "Mgeni hapewi kitu sijaonja," alisema, na sisi tulimzoea hivyo.

Ndipo vita vya Shifta vikaja, serikali ikipigana na waasi wa kaskazini. Barabara zikafungwa, safari zetu zikawa za kuzunguka soko tu. Ng'ombe wa yule mama wakaisha ndani ya wiki moja, wengine kwa risasi, wengine wakaswagwa hatujui wapi. Yeye na majirani zake wakakusanywa kwenye kijiji kilichozungushiwa seng'enge, mlangoni askari.

Jumamosi moja nahodha alitujia uso umemshuka. Alikuwa amepata habari kwamba mama yake hali chakula. Kila siku anapanga foleni, anapewa unga, na unga wote anawagawia watoto wa jirani. Anasema chakula cha kupewa kwa foleni hakimpiti kooni.

"Atakufa," nahodha alisema, polepole, akichezea kengele ya baiskeli. Nilimpenda sana yule kijana, wacha niseme tu.

Tulihangaika wiki nzima mpaka ofisa mmoja aliyependa baiskeli akatuandikia kibali: watu wanane, siku moja, saa kumi jioni tuwe mjini. Tulichanga majani ya chai, sukari, maziwa ya mkebe na mikate minne. Baiskeli zilikuwa sita, wawili wakakaa kwenye keria. Jua lilituchoma, miba ikatupa pancha tatu, na siku hiyo hakuna aliyeimba. Mlangoni askari alidunga kila mkate kwa kidole, akatuhesabu, akatuachia.

Tulimkuta amelala kwenye ngozi, ameelekea ukutani. Masikini mama wa watu, mabega yalikuwa mifupa mitupu. Tulisema salaam aleikum, akaitikia bila kugeuka. Nahodha akapiga magoti, akamwekea mkate karibu na mkono.

"Ayo, kula kidogo," alimbembeleza, akimwita mama kwa Kiborana.

"Peleka kwa watoto ya jirani. Mimi nimeshiba."

"Ayo, tafadhali."

"Nimesema nimeshiba. Mimi si mtu ya kuletewa."

Akambembeleza tena, na tena, sauti ikaanza kumtetemeka. Hapo hasira zikanipanda. Sikupanga, naapa. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Mama, tumeendesha tangu alfajiri!" nilimfokea. "Koo zimekauka, tuna njaa, na hujatuambia hata kaeni! Siku hizi kwako mgeni anaangaliwa tu mpaka aondoke?"

Lo! Nahodha aliniangalia kama nimempiga kofi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama aligeuka taratibu. Alinitazama mimi, akatazama midomo yetu iliyopasuka kwa vumbi, mmoja mmoja. Akashika mti wa nyumba, akajivuta, akasimama. Kijana mmoja akataka kumsaidia, akamkata jicho.

"Intala," aliniita, yaani binti, "lete sufuria. Na hiyo maziwa yenu ya mkebe, hata kama si maziwa."

Aliwasha moto mwenyewe, akipumzika kila baada ya kuni mbili. Vikombe vilikuwa vitatu tu. Akamimina cha kwanza, akakiinua, na sote tukamwona akipiga funda. Akakunja uso. "Sukari kidogo," alisema, akaongeza, akaonja tena, ndipo akanipa. Akamimina cha pili, akaonja. Cha tatu, akaonja. Nahodha alimaliza chake kwa pupa, ulimi ukaungua, akarudisha kikombe.

"Ayo, niongeze."

Tukaelewa wote bila kuambiana. Tulikunywa chai siku hiyo mpaka matumbo yakalia kama madebe, na kila kikombe kilipita kwanza mdomoni mwake. Mimi nilikunywa vitano. Mkate tulimwachia pembeni, hakuna aliyeutaja.

Wakati wa kuondoka ulipofika alitusindikiza mpaka mlangoni, mkono wake begani kwa mwanawe. Mkononi mwingine alishika kipande cha mkate. Nikafikiri ni cha mtoto wa jirani. Nikaanza kumwomba msamaha, akanikatiza.

"Wewe mdomo yako mbaya sana," aliniambia. "Jumamosi mnakuja?"

"Tukipewa kibali, mama, tunakuja."

Akauma ule mkate, mbele yetu na mbele ya askari, akatafuna polepole mpaka akameza. Nahodha aligeuza uso kwenye usukani.

"Basi wacha nikule," alisema mama. "Nisipokula, Jumamosi nitawapikia na nguvu gani?"